Jicho la mzee lilizima dakika kumi likarudi: kuna dawa ya kulinda neva zake?

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, anauliza: "Baba yangu ana miaka 63. Ana kisukari, huu mwaka wa kumi na mbili, na presha pia. Juzi alfajiri akitia udhu, jicho la kulia likazima kama pazia lililoteremshwa kutoka juu. Hakusikia maumivu. Baada ya dakika kama kumi likarudi lenyewe, na sasa anasema anaona sawasawa, hataki kwenda popote. Jirani ametuletea vidonge vya mitishamba vya kulinda neva za macho zisife kwa kukosa damu, chupa moja shilingi 4,500. Je, vinafaa? Hospitali wana dawa ya kazi hiyo? Na mwanangu wa miaka 9 ana sikoseli, nimesikia nayo huharibu macho. Naye nimpe?"

Dada yangu, hivyo vidonge viweke kabatini kwanza. Kama mzee bado hajaonwa na daktari, mpeleke leo, hata akishikilia kwamba anaona vizuri. Huko kuona vizuri ndiko kunakoipa safari hiyo maana, kwa sababu bado kuna kitu cha kuokoa.

Yaelekea kilichompata ni kiharusi cha kupita, ila kimepita kwenye jicho badala ya ubongo. Mara nyingi kipande kidogo cha mafuta au cha damu iliyoganda hung'oka kwenye ukuta wa mshipa mkubwa wa shingo, au hutoka moyoni, kikachukuliwa na damu hadi kwenye ateri ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hapo hukwama, kisha kikavunjika na kusukumwa mbele. Damu ikapita, naye akaona tena. Ameponea kipande kimoja tu. Kule kilikotoka huenda vipo vingine, na kitakachofuata kinaweza kukwama moja kwa moja, au kikaelekea kwenye ubongo. Siku za kwanza ndizo za hatari zaidi, na mzee wako tayari ametumia mbili nyumbani.

Aende hospitali yenye idara ya dharura. Duka la dawa na duka la miwani si mahali pake. Kwa mlipo nyinyi, Hospitali ya Rufaa ya Coast General ndiyo kubwa ya umma. Pale mlangoni usiseme "macho yanamsumbua", maana neno hilo litampeleka kwenye foleni ya miwani na mtoto wa jicho. Sema hivi: "Jicho moja lilizima ghafla bila maumivu, dakika kumi, halafu likarudi. Ana kisukari na presha." Beba dawa zake zote ndani ya mfuko, hata zile zisizo za hospitali, na hata zile ambazo hapendi zionekane.

Atapimwa presha, sukari na kolesteroli. Atapigwa ECG ili waone kama moyo unapiga bila mpangilio, na ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Ikiwezekana atapigwa CT au MRI ya kichwa. Mshipa wa shingo ukikutwa umeziba asilimia 70 au zaidi, upasuaji wa kuusafisha hufaa zaidi ukifanywa ndani ya wiki 2, na ndiyo maana "tutaenda mwisho wa mwezi" ni mpango mbaya. Akilalamika kuumwa na panja, au taya kuchoka anapotafuna, mwombe daktari apime ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, siku hiyohiyo. Ugonjwa huo wa mishipa ya kichwa kuvimba ni nadra kwa watu weusi, lakini ukiachwa huweza kupofua jicho la pili ndani ya siku chache.

Daktari wa macho naye atamtia matone ya kupanua mboni ili aone retina vizuri. Baada ya hapo mzee ataona ukungu kwa saa 4 hadi 6, na jua litamchoma. Abebe miwani ya jua, na asiendeshe chochote, hata baiskeli.

Dawa utakayoisikia zaidi ni aspirini: kwa kawaida 300 mg siku ya kwanza, kisha 75 mg kila siku. Wengine huongezewa klopidogreli kwa siku 21, na takriban wote hupewa atorvastatini ya kutuliza mafuta kwenye kuta za mishipa. Aspirini aanzishwe na daktari aliyemwona. Mwenye vidonda vya tumbo, au anayetumia tayari dawa ya kuzuia damu kuganda, hesabu yake ni nyingine.

Kwa nini dakika zinahesabiwa

Retina ni utando wenye unene wa kama robo ya milimita. Tabaka zake za nje, zenye seli zinazopokea mwanga, hulishwa na mishipa iliyo nyuma yake iitwayo koroidi. Tabaka za ndani hutegemea ateri moja yenye kipenyo cha takriban 0.16 mm. Huko ndani ndiko ziliko seli za ganglioni, karibu milioni moja kwa kila jicho, na nyuzi zake ndefu ndizo zinazosokotana kuwa neva ya jicho inayokwenda kwenye ubongo. Ateri ile ikiziba, seli za mwanga huendelea kuishi, lakini hazina tena wa kumkabidhi habari. Na seli ya ganglioni ikifa, haioti nyingine.

Seli hizi hazina akiba. Oksijeni na sukari zikikatika, nishati huisha na pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli husimama. Seli hujaa chumvi na maji, ikavimba. Glutamati, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari, humwagika ovyo na kufungua milango ya kalisi kwa majirani. Kalisi ikiingia bila kipimo huamsha vimeng'enya vinavyoila seli kutoka ndani, na huharibu mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Damu ikirudi wakati huo, oksijeni inayoletwa haitumiki ipasavyo: sehemu yake hugeuka radikali huru zinazounguza zilizobaki. Kisha kuna jambo ambalo watafiti wamelikimbilia kwa miaka mingi: seli zilizojeruhiwa hazifi zote siku hiyo. Nyingine hujimaliza zenyewe polepole kwa siku na wiki kadhaa. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la dawa ya kulinda neva, nami nitalirudia.

Muda ni gani hasa? Sohan Singh Hayreh, daktari wa macho wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliibana ateri hiyo kwa kima. Hadi dakika 97 retina haikuonyesha madhara yanayopimika. Ilipofika saa 4, ilikuwa imeharibika karibu yote. Usiichukue namba hiyo kama ahadi kwa binadamu. Mshipa ukiziba kabisa, seli zinaweza kuanza kufa mapema zaidi ya hapo, na ukiziba nusu, zinaweza kuvumilia zaidi.

Likizima tena na lisirudi

Kwanza tazama saa, na uandike ni lini mara ya mwisho aliona vizuri. Kama ameamka hivyo, saa hiyo ni ile aliyolala. Halafu mfunike jicho moja kwa kiganja, bila kulikandamiza, na umwonyeshe kalenda ya ukutani. Ufunike na la pili. Jicho moja likiwa giza na jingine zima, tatizo liko kwenye jicho au mshipa wake. Akikosa upande uleule, tuseme wa kushoto, kwa macho yote mawili, tatizo liko kwenye ubongo. Yote mawili ni dharura ileile. Mpime sukari kama mna kipimo, kisha ondokeni. Mambo haya yote yasizidi dakika tatu.

Tangu 2021 Shirika la Moyo la Marekani limeeleza kwamba kuziba kwa ateri ya retina ni kiharusi kama kile cha ubongo, na kwamba hospitali zenye uwezo zinaweza kufikiria dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja kichwani. Ushahidi wenyewe bado unagombaniwa. Jaribio la EAGLE la 2010 lilipitisha dawa hiyo kwa mpira mwembamba hadi kwenye mshipa wa jicho, kwa wagonjwa waliofika hadi saa 20 baada ya kuzima. Hawakuona zaidi ya wale wa matibabu ya kawaida, na walipata madhara mengi zaidi. Ukisoma namba hizo pamoja na zile za Hayreh, sababu moja kubwa inajionyesha: saa 20 seli zimeshakufa, na mshipa uliofunguliwa unapeleka damu kwenye makaburi.

Kuna mambo ambayo familia hufanya kwa nia njema na kuharibu. La kwanza ni kumwongezea kidonge cha presha kwa sababu kipimo kimesoma 180. Mwili umepandisha presha ili kusukuma damu kupita pale palipobana. Ukiishusha ghafla, unaukata mkondo mdogo uliosalia. Kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ni kibaya zaidi. La pili ni kulikanda jicho, au kumpumulisha ndani ya mfuko wa karatasi. Hizo ni njia za zamani ambazo hazijathibitishwa, na zinakula muda. La tatu ni kutia asali, maziwa ya mama au maji ya majani. Tatizo liko nyuma ya jicho, na vitu hivyo vinaishia kwenye konea, kioo cha mbele ya jicho, ambako huacha vidonda.

Hesabu ya presha mbili

Neva za jicho hazifi kwa kuziba ghafla tu. Nyingi zaidi hufa kidogokidogo kwa kupungukiwa, na hapa ndipo nyinyi wa nyumbani mna uwezo mkubwa kuliko daktari.

Damu huingia jichoni kwa nguvu ya presha ya mwili, na presha ya ndani ya jicho huipinga. Mkazi wa ghorofa ya nne Mombasa anaijua hali hii: maji yakikosa kufika, ama pampu ya chini ni dhaifu, ama bomba limebanwa njiani. Kununua mfereji mpya hakuleti maji.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua presha ya chini, ongeza theluthi ya tofauti ya juu na ya chini; huo ndio wastani. Kwa mtu aliyekaa, chukua theluthi mbili za wastani huo, kwa kuwa jicho liko juu ya moyo, kisha toa presha ya jicho. Mwenye 120/80 ana wastani wa 93, theluthi mbili zake ni 62. Presha ya jicho ikiwa 16, nguvu inayobaki ya kulisha neva ni 46. Sasa mchukue mwenye glakoma, ile wengi huiita presha ya macho, ambaye jicho lake lina 26, na dawa nyingi za presha zimemshusha hadi 95/55. Wastani wake ni 68, theluthi mbili ni kama 46, toa 26: zimebaki 20. Hana maumivu, anaona, na neva zake zinashinda na njaa mchana kutwa. Kwenye uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa Barbados, ambako wengi wana asili ya Afrika, waliokuwa na nguvu ndogo ya kusukuma damu jichoni ndio waliopata glakoma zaidi.

Kwa hiyo mzee apimwe presha ya macho siku hiyohiyo ya kwanza. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21, lakini glakoma inaweza kumshika hata aliye chini ya 21, ndiyo maana daktari hutazama pia kichwa cha neva, pale neva inapoanzia nyuma ya jicho, na hupima uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho linaona likitazama mbele. Sisi Waafrika hupata glakoma mapema na kwa ukali zaidi. Kama anayo, wewe na ndugu zako mliofika miaka 40 mkapimwe pia.

Nyumbani mpime presha ya mkono asubuhi kabla ya dawa, na jioni, kwa siku 7. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Andika mara mbili kila kikao. Daktari anataka daftari hilo kuliko kipimo kimoja cha pale zahanati, alipofika anahema baada ya kugombania matatu.

Kisha angalia saa za dawa. Mtu akilala, presha hushuka kwa kawaida asilimia 10 hadi 20. Mzee akimeza vidonge vyote vitatu wakati wa kulala, mshuko unaongezeka juu ya mshuko. Wengi wanaopata kiharusi cha kichwa cha neva ya jicho hugundua wakiamka, nusu ya chini ya picha haipo. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2022, wenye watu zaidi ya 21,000, ulionyesha kwamba kwa moyo na kiharusi hakuna tofauti kati ya kumeza dawa za presha asubuhi au jioni. Basi kwa mwenye jicho lililo hatarini, muulize daktari kama dawa zote zinaweza kuhamia asubuhi. Usihamishe wala kupunguza kwa uamuzi wako. Presha ikiachwa juu nayo huharibu mishipa ileile.

Mambo mengine mawili yanayofanyika usiku. Kukoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini hushusha oksijeni mara nyingi kwa usiku mmoja, na kunahusishwa na kiharusi hicho cha neva. Na vile vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa kimyakimya: sildenafili ina onyo rasmi kuhusu upotevu wa kuona wa aina hiyo. Ni nadra, lakini mzee ambaye jicho lake limeshazima mara moja asivitumie kabla ya kusema na daktari. Kama ni aibu kukwambia wewe, mwache aingie kwa daktari peke yake.

Muguka, yale majani ya kutafuna, nao hupandisha presha na mapigo ya moyo. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Akiandikiwa matone

Kushusha presha ya jicho ndiyo njia ya kulinda seli za ganglioni yenye ushahidi imara kuliko zote. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2015 lililinganisha latanoprosti, tone la kushusha presha ya jicho, na matone bandia, na ndani ya miaka 2 waliotumia dawa walipoteza uwanja wa kuona kidogo kuliko wale wa matone bandia. Lakini matone hufanya kazi yakiingia. Avute kope ya chini iwe kama kifuko, atie tone 1 bila chupa kugusa jicho, afumbe, kisha abonyeze kona ya jicho karibu na pua kwa dakika 2 ili dawa isikimbilie puani na kooni. Kama kuna dawa ya pili, asubiri dakika 5. Anayetia matone matatu mfululizo anajiosha dawa mwenyewe, na chupa inamwishia wiki ya pili.

Latanoprosti ni mara 1, usiku. Timololi ni ya bei nafuu na ipo karibu kila mahali, lakini haimfai mwenye pumu wala mapigo ya moyo ya polepole, na ikitiwa usiku inaweza kuongeza ule mshuko wa presha. Kama ameandikiwa mara 1 kwa siku, aulize kama anaweza kuitia asubuhi.

Ramadhani wengi huacha matone mchana, na baadhi huacha kabisa hadi Idi. Maulamaa wengi wanaona tone la jicho halifunguzi. Asiyetulia na hilo amuulize shehe wake, kisha daktari ampange dozi ziangukie baada ya magharibi na kabla ya daku. Kilicho hatari ni mwezi mzima bila dawa.

Matone ya madukani yenye deksamethasoni au betamethasoni asiyatumie kwa ajili ya macho mekundu. Kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho kimyakimya kwa wiki chache tu. Na jicho likiwa jekundu, linauma sana, taa zikiwa na duara za rangi, na mtu anatapika, hapa pwani watu hufikiri malaria kwanza. Huenda ni glakoma ya ghafla, presha ya jicho 50 au zaidi. Rudia hesabu ile: 62 toa 50, zimebaki 12.

Sasa vidonge vya jirani

Hakuna kidonge, cha mitishamba wala cha hospitali, ambacho kimethibitishwa kulinda seli za retina za binadamu zisife kwa kukosa damu. Si kwa kukosa kujaribu. Memantini, inayoziba ile milango ya kalisi inayofunguliwa na glutamati, ilifanya vizuri kwa wanyama. Ikajaribiwa kwa wagonjwa wa glakoma zaidi ya 2,000 kwa miaka 4, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yakaonyesha kwamba haikuzuia upotevu wa kuona. Brimonidini, tone la kushusha presha ya jicho, ililinganishwa na timololi mwaka 2011 kwa watu 190. Waliobaki nayo walipoteza uwanja wa kuona kidogo kuliko wale wa timololi ingawa presha zilikuwa sawa, lakini wengi waliiacha kwa sababu ya mzio, na hilo linatia doa matokeo. Sitikolini ina tafiti ndogondogo za kutia moyo, si zaidi.

Nikotinamidi, aina ya vitamini B3, ndiyo inayozungumzwa sana sasa. Mwaka 2017 ilizuia glakoma kwa panya, na majaribio makubwa ya binadamu yanaendelea. Vipimo vinavyojaribiwa hufika gramu 3 kwa siku, kiasi kinachozidi sana kile mwili unachohitaji, na kwa kiwango hicho ini linaweza kuumia. Si kitu cha kununua barabarani na kujipimia.

Kwa nini dawa zinazofanya kazi kwa panya hufeli kwa watu? Panya hupewa dawa kabla ya mshipa kubanwa au mara tu baada yake. Mgonjwa hufika baada ya saa au miaka. Na seli ina njia nyingi za kufa: ukifunga mlango mmoja hutokea kwa mwingine, maadamu damu yenyewe haijarudi.

Soma kibandiko cha ile chupa. Kama imeandikwa ginkgo, isichanganywe na aspirini wala klopidogreli bila daktari kujua, maana inaweza kuongeza kutoka damu. Kama haina orodha ya vilivyomo, hiyo peke yake ni sababu ya kumrudishia jirani. Na hesabu 4,500 hizo upande mwingine: ni sehemu nzuri ya gharama ya vipimo anavyohitaji mzee.

Kwa kisukari chake kuna silaha bora. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ikishuka kwa kila asilimia 1, madhara ya mishipa midogo yalipungua kwa asilimia 37 kwenye utafiti wa Uingereza wa UKPDS. Lengo kwa wengi ni karibu na 7, lakini kama yuko 11, ishushwe kwa mpango: kushusha kwa pupa huweza kuichafua retina kwa muda. Ikikutwa mishipa mipya inayovuja, leza ipo. Kazi yake inashangaza watu: huunguza sehemu za pembeni za retina, kwa kawaida nukta 1,200 hadi 1,600, ili walaji wa oksijeni wapungue na iliyobaki itoshe katikati. Hupunguza upofu mkali kwa nusu au zaidi. Sindano za jichoni za bevasizumabi hufanya kazi vilevile kwa anayehudhuria kila miadi. Anayepotea miezi sita hudhurika zaidi kuliko aliyepigwa leza, kwa hiyo jiulizeni kwa ukweli kama mtaweza kuja kila mwezi kabla ya kuchagua.

Mwanao

Vidonge hivyo usimpe. Sikoseli huziba mishipa midogo ya pembezoni mwa retina, kwa kawaida bila dalili yoyote mwanzoni. Anatakiwa kuanza kuchunguzwa retina kwa mboni iliyopanuliwa akifika miaka 10, kila mwaka mmoja au miwili. Maji ya kutosha msimu wa joto la kaskazi, na haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, kama ameandikiwa. Dawa hiyo imejaribiwa kwa watoto hapa kwetu pia, Kilifi ikiwa moja ya vituo, na ilipunguza maumivu, kuongezewa damu na vifo.

Lakini hatari iliyo karibu naye zaidi ni mpira au jiwe la jichoni. Akipigwa na ukaona damu imetuama mbele ya sehemu nyeusi ya jicho, mwinue kichwa, mfunike jicho kwa kitu kigumu kisichogusa, kama kipande cha kikombe cha karatasi, usimpe aspirini wala ibuprofeni, na mpeleke mara moja. Seli za damu zilizojipinda kwa sikoseli hazipiti kwenye matundu ya kutolea maji ya jicho, presha hupanda, na kwa mtoto wa sikoseli hata 24 ikikaa siku nzima yaweza kuziba ateri ya retina. Kwa mtoto mwingine namba hiyo ingevumiliwa. Hili linamhusu hata ndugu yake anayebeba sikoseli bila kuugua. Na ile dawa ya kawaida ya kushusha presha hiyo, asetazolamidi, huongeza asidi kwenye damu na huweza kuzipinda seli zaidi, hivyo daktari wa zamu lazima ajue kabla hajaandika. Liandike neno sikoseli kwenye jalada la daftari lake la hospitali kwa kalamu nene, na umwambie mwalimu wake wa darasa pia.